Chura Aliyekohoa Nyuma ya Nyumba Yetu

Jumatatu, 4 Novemba

Binti yangu amepata ufadhili wa utafiti! Miaka miwili mizima, ule wa wanasayansi wanaoanza kazi, wa biolojia ya kompyuta na ikolojia. Habari yako, daftari. Ilikuwa nikusalimie kwanza, lakini neno lilikuwa linaniwasha ulimi.

Haya, hajaupata. Ameitwa kwenye usaili. Walioomba ni zaidi ya mia mbili, walioitwa kumi na wawili, nafasi nne. Kwangu mimi hiyo ni kupata, kilichobaki ni barua. Usaili ni Jumanne ijayo saa nne asubuhi, kwa kompyuta, hapa hapa sebuleni. Maprofesa watano watatazama makochi yangu. Vitambaa vyote viko kwenye beseni.

Dakta (ndivyo ninavyomwita tangu amalize shahada ya tatu, yeye huniambia mama acha) ameniomba nisimwambie mtu mpaka majibu yatoke. Nikakubali kwa moyo mmoja. Basi nimemwambia fundi viatu tu, maana hana maneno. Na muuza mkate, maana alisimama mwenyewe. Na jirani yangu Mama Mapazia, huyo kwa ajili ya afya yangu, ningepasuka.

Mama Mapazia ana mtoto benki na mapazia mapya kila mwezi. Akaniuliza mwanangu atatafiti nini. Nikamwambia vyura. Akasema mbona hao wapo tu hapo nyuma, hata wa kuwachunga hakuna. Nikamjibu kwamba kompyuta ya mwanangu inamjua kila chura kwa sauti yake, kama yeye anavyomjua mwanawe akipiga simu, yaani kama angekuwa anapiga. Nikaingia ndani nikafunga mlango taratibu. Ushindi.

Jumanne, 5 Novemba

Leo naandika kazi yenyewe ilivyo, ili maprofesa wakiniuliza nisibabaike. Mimi shule niliishia njiani lakini kichwa ninacho. Dakta hakukiokota barabarani.

Nyuma ya nyumba kuna kibwawa chenye matete, kati ya ua wetu na wa Mama Mapazia. Dakta amefunga kiboksi cha kijani kwenye kigingi pale. Kinanasa sauti kila jioni, saa kumi na moja mpaka saa moja. Sauti zinaingia kwenye kompyuta, na programu aliyoitunga mwenyewe inazichambua: huyu chura mkubwa, huyu nyenje, hili lori. Vyura wakipungua, ujue maji yana ugonjwa. Kwa hiyo ni daktari kweli, ila mgonjwa wake ni bwawa.

Sasa kuna chura mmoja mdogo, kidole gumba kinamshinda ukubwa. Jina lake la kisayansi ni refu, ukilitaja lazima upumzike katikati. Mimi namwita Bwana Glasi, maana analia kama kijiko kikigonga chupa. Ting. Ting-ting. Huyo ndiye aliyemkalisha Dakta kwenye matete akiwa na miaka saba, nikimwita aje kuoga haji. Hajasikika miezi mitano. Nimemsikia Dakta akimwambia baba yake kwamba atawaeleza maprofesa ukweli, kuwa chura hayupo, na kutokuwepo nako ni data.

Hapo mimi na sayansi tumetofautiana. Sijaona mtu akipewa ufadhili kwa kutosikia kitu.

Na si mchezo. Kuna kampuni ya bima, mji wa mbali, mwendo wa basi kutwa nzima, wanamtaka akaingize fomu za watu kwenye kompyuta. Jibu wanalitaka Ijumaa ya tarehe 15. Akikosa ufadhili anaondoka. Atakuwa anakuja mara moja kwa mwaka na begi dogo. Chumba chake nimekifungua mara tatu leo, sina nilichokuwa natafuta.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango umepatikana. Kama bwawa limekosa vyura, bwawa lipelekewe vyura.

Nimekwenda kwenye mashimo ya wafyatua matofali na ndoo yenye kifuniko. Wafyatua matofali wakaniuliza mama unatafuta nini. Nikasema vyura, wa utafiti. Wakanisaidia kwa heshima zote. Wameniita Profesa. Sikuwasahihisha, si vizuri kuwakatisha tamaa watu wanaofanya kazi juani.

Nimepata kumi na mmoja. Wakubwa kama viazi. Nimewamwaga kwenye matete saa kumi, nikawaambia walie. Hawakulia. Walinitazama kama wanangojea chakula, kisha mmoja mmoja wakapita chini ya ua kwenda kwa Mama Mapazia, wote kumi na mmoja, kama walioalikwa.

Kelele zilianza saa kumi na moja kasoro. Mmoja amepanda pazia la sebuleni, lile la rangi ya maziwa. Mama Mapazia akaja na ufagio akauliza kama nimeona kitu kisicho cha kawaida. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia ni mabadiliko ya tabianchi, Dakta amelieleza sana hilo.

Mume wangu, Baba Dakta, ni fundi saa. Maneno yake kwa siku yanaenea kwenye kijiko. Jioni aliinusa ndoo, akauliza kwa nini inanuka udongo wa matofali. Nikamwambia ndoo ndivyo zilivyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Kwani kompyuta inamwona chura? Haimwoni. Inamsikia tu.

Nimemwomba Dakta anisikilizishe mlio wa zamani wa Bwana Glasi. Akafurahi kwamba napenda kazi yake, akaniwekea mara nne na kunionyesha hata picha ya sauti yenyewe, vimistari kama vya kitana. Nilimwonea huruma kidogo. Kisha nikaenda jikoni nikafunga mlango.

Glasi ya maji haifai, sauti nene. Chupa ya soda inalia kama geti. Kilichofaa ni chupa ya dawa ya kikohozi, ya vidole viwili vya maji, na kijiko kidogo cha chai, ukikishika kwa mbali. Ting. Ting-ting. Hata mimi mwenyewe niligeuka kumtafuta chura.

Saa kumi na moja nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya matete. Nilipiga nusu saa. Muuza mkate alipopita na honi yake nilisubiri, maana chura naye ana adabu. Mama Mapazia alichungulia juu ya ua akaniuliza kulikoni. Nikamwambia naangalia kama dawa imeharibika. Akasema dawa huangaliwa kwa kusoma tarehe. Nikamwambia hii ni ya kienyeji, haina tarehe. Alinitazama muda mrefu sana.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi Dakta alitoka chumbani mbio, hana kiatu hata kimoja. Amerudi, mama, amerudi! Alhamisi na jana, jioni zote mbili, na programu ina uhakika wa asilimia tisini na sita. Akanikumbatia akalia begani kwangu. Mtu mzima, dakta wa shahada ya tatu, analia kwa ajili ya chura.

Nami nililia. Sijui nililia nini.

Jopo la maprofesa lilikuwa limewaruhusu wasailiwa kutuma nyongeza mpaka leo mchana. Ameandika ukurasa mmoja, ameutuma saa tano. Baba Dakta alikuwa mezani na saa ya mteja, lenzi jichoni. Alinitazama na lile jicho kubwa. Akainuka, akachomoa kijiko kwenye mfuko wa aproni yangu, akakirudisha kwenye droo, akaketi. Watu hudhani kuishi na mtu mkimya ni raha.

Nimejiuliza kama nimekosea. Nimejijibu kwamba mwanangu hajacheka hivi tangu mwezi wa sita. Jioni nimekwenda tena.

Jumapili, 10 Novemba

Leo nimetumia chupa mbili. Nimeona Bwana Glasi amekaa peke yake mno, nikampa mwenzake. Goti limeniuma sana na unyevu wa matete umenikalia kifuani. Kazi ya utafiti ni ngumu, sasa naelewa kwa nini wanataka kufadhiliwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Sijui niandikeje.

Dakta haiamini programu yake peke yake. Kumbe kabla ya usaili lazima asikilize kila kitu kwa masikio yake, dakika kwa dakika. Kaketi tangu asubuhi. Mchana akatuita sebuleni, mimi na baba yake. Akasema kuna jambo hajalielewa. Chura huyu hunyamaza kila muuza mkate akipita, na vyura wengine hawanyamazi. Jana walikuwa wawili, wakipokezana sawasawa kama wamehesabiana. Kisha akabonyeza.

Ting. Ting-ting.

Halafu kikohozi.

Halafu sauti ya mwanamke, karibu sana na kiboksi, inasema: ee goti langu, na huyu Mama Mapazia asije akachungulia tena.

Alirudia mara tatu. Baba Dakta alikuwa anakaza skrubu ya saa, na saa hakuwa nayo mkononi.

Nilitegemea atapaza sauti. Hakupaza, na ndilo lililoniumiza. Aliniuliza tu, tangu lini? Nikamwambia tangu Alhamisi. Akauliza, zote? Nikamwambia zote, mwanangu. Akasema mama, hao watu hawana kingine cha kuniaminia ila neno langu. Nikisema nimemsikia, nimemsikia. Wangegundua wao, jina langu lingekwisha kabla halijaanza. Nikamwambia wasingegundua, nilipiga vizuri. Hapo ndipo alipoinama akafunika uso.

Ameandika barua kwa jopo. Alituomba tuisikilize kabla hajaituma. Ilisema kwamba milio aliyotuma Jumamosi anaiondoa yote, kwa sababu si ya chura, ni ya mama yake, akiwa na kijiko na chupa ya dawa. Nikamuuliza kama angeweza kuandika mama yake mpendwa. Hakucheka. Baba Dakta alisema, tuma. Neno lake la kwanza la siku.

Jioni sikutoka nje. Baba Dakta amefunga droo ya vijiko kwa ufunguo, chai nimekoroga kwa uma. Kupitia dirishani nimeona kiboksi cha kijani kinawaka kijitaa chake chekundu, kinasikiliza, na mimi sina la kukiambia. Nikienda kitandani nitapita mbele ya chumba chake. Begi ameliteremsha kutoka juu ya kabati, lile kubwa.

Naapa mbele ya daftari hili, kuanzia leo kazi ya mwanangu siigusi. Kabisa.

Jumanne, 12 Novemba

Saa mbili asubuhi Mama Mapazia alibisha. Alikuja na lile pazia la rangi ya maziwa, limefuliwa, limepigwa pasi. Akasema ukuta wetu una ufa nyuma ya kiti atakachokalia mtoto, na maprofesa watauona. Akalitundika mwenyewe. Nikamwambia lile doa la chura limetoka vizuri. Akasema nilijua tu. Akaondoka.

Nilitakiwa nikae jikoni. Nilikaa jikoni. Sikio tu ndilo lililokuwa sebuleni.

Dakta alieleza bwawa, kiboksi, programu. Sauti ilikuwa imara. Kisha mwanamke mmoja, mwenyekiti wa jopo, akauliza kuhusu ile barua. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndala. Dakta hakunificha wala hakunisema vibaya. Alieleza kwamba programu ilidanganyika, yeye ndiye aliyeitunga, kwa hiyo kosa la kudanganyika ni lake. Usiku ule ule wa barua alikuwa ameanza kuifundisha upya: chura wa kweli huvuta pumzi kati ya mlio na mlio, na mapigo yake hupungua hewa ikipoa. Kijiko hakipoi.

Kisha mwenyekiti akauliza kama huyo mama yupo karibu.

Daftari, mimi nilikuwa sebuleni kabla hajamaliza kuuliza. Wakaniomba nipige. Baba Dakta akafungua droo, uso wa mtu anayemtoa mfungwa kwa muda. Nikapiga. Ting. Ting-ting. Kwenye kompyuta programu ya zamani ikaandika: Bwana Glasi, kwa lile jina lake refu, asilimia tisini na tano. Dakta akafungua ile mpya. Nikapiga tena, safari hii kwa ufundi wangu wote, hata nikaweka kapumzi katikati. Programu ikaandika: si chura.

Maprofesa wote watano walicheka. Mzee mmoja alivua miwani akafuta macho. Nikaona hapa ndipo pa kumsaidia mtoto, nikawaeleza kwamba alitembea akiwa na miezi tisa, kwamba hajawahi kuwa wa pili darasani ila mara moja kwa ajili ya surua, na kwamba mtoto wa jirani ni wa benki tu. Nilikuwa nimefika darasa la nne Dakta aliponishika kiwiko. Mwenyekiti alishukuru. Akasema majibu Ijumaa.

Ijumaa. Siku ile ile ya watu wa bima.

Ijumaa, 15 Novemba

Amepata! Safari hii amepata kweli, daftari, na salamu utanisamehe tena.

Barua ilifika saa sita. Niliisoma mimi kwa sauti, maana Dakta alikuwa amekaa sakafuni. Jopo limesema kazi ni nzuri, lakini kilichowaamulia ni jinsi alivyoshughulikia ile milio ya uongo, alivyoiondoa yeye mwenyewe na kuifanya kipimo cha programu yake. Nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi. Kwa lugha rahisi ina maana kwamba bila chupa yangu angekosa cha kuondoa. Nilimweleza Dakta hivyo. Alinitazama, akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Akaja akaweka kichwa magotini kwangu, kwenye lile goti bovu. Sikusema linauma.

Watu wa bima amewaandikia kuwakatalia. Begi limerudi juu ya kabati. Baba Dakta alisema, vizuri, kisha akasema tena, vizuri. Lenzi ilikuwa imejaa maji, sijui saa ya nani itachelewa kwa ajili hiyo.

Na bado. Dakta amesikiliza sauti za Jumatatu, ile jioni niliyokaa ndani nakoroga chai kwa uma. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, mara tatu, hafifu, mbali ndani ya matete. Ting. Ting-ting. Programu mpya imesema ni yeye. Dakta akaniapisha mara nne. Baba yake akatoa ushahidi kuhusu ufunguo wa droo. Mimi chura mwenyewe hakunishangaza. Alisikia mwenzake akiita siku nne mfululizo, siku ya tano kimya, akatoka kuulizia. Angekuja vipi kama hakuitwa? Dakta anasema alikuja kwa sababu kulikuwa na utulivu. Ni msomi, ana haki ya maoni yake.

Kwa hiyo ameniomba jambo moja tu, na ameniomba kwa mikono miwili. Kuanzia kesho kiboksi kitanasa siku kumi na nne mfululizo, kazi ya kwanza ya ufadhili. Anataka utulivu kwenye bwawa. Utulivu kabisa. Mtu asikaribie. Nikamwambia mwanangu, mama yako amejifunza.

Nami sifanyi kazi nusu nusu. Nimepita mtaa mzima nyumba kwa nyumba kuwaeleza umuhimu wa utulivu. Wengi hawajawahi kuuona utulivu wa kisayansi, wameomba waje wauone. Fundi viatu anakuja na familia yake. Wafyatua matofali wote, wananiita Profesa bado, na wamesema wataleta ndoo. Mama Mapazia ameniita Mama Dakta kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Analeta viti thelathini na mwanawe wa benki. Muuza mkate atapiga honi mara tatu kuashiria kimya kimeanza. Fundi redio anafunga spika mbili kubwa kwenye matete, moja karibu na kiboksi, ili nikiwaambia watu wanyamaze hata wa nyuma wasikie.

Dakta sijamwambia, nataka afurahi ghafla. Kijiko kiko kwenye aproni, kwa dharura tu. Kesho Jumamosi, saa kumi na moja jioni, wote, bwawani.